Deksamethasoni kwa Amiloidosi ya AL: Kidonge Rahisi Kuanza, Kigumu Kuacha

Kwa bei na kwa kazi yake, deksamethasoni ni dawa inayostahili sifa. Haihitaji friji, haina foleni ya kuagizwa nje, na kati ya dawa anazoandikiwa mgonjwa wa amiloidosi ya minyororo myepesi (AL) ni miongoni mwa zile nafuu kabisa. Unafuu huohuo ndio unaoiponza. Bortezomibu, sindano iliyo dawa kuu ya ugonjwa huu, ikifika mwisho kila mtu anajua, kwa sababu sindano zimekwisha au pesa zimekwisha. Deksamethasoni haina wa kuisimamisha. Inaendelea wiki hadi wiki kwa sababu ipo kwenye dirisha la famasi na kwa sababu mwezi wa kwanza ilisaidia.

Tunaitazama hapa dawa hiyo moja katika ugonjwa huo mmoja: inauzwaje, inamezwaje, na hasa itumike kwa muda gani. Msimamo wetu ni huu. Ikitumika pamoja na dawa kuu, mizunguko 6 ya siku 28 inatosha. Mwenye moyo uliovamiwa aanze na dozi ndogo tangu siku ya kwanza. Na kama minyororo myepesi (protini mbovu za ugonjwa huu) haishuki kwenye damu ndani ya miezi miwili mitatu, kinachobadilishwa ni mpango mzima wa tiba. Kuongeza wiki za deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hakuokoi mpango ulioshindwa.

Katika AL, kikundi kidogo cha seli za plazma ndani ya uboho hutengeneza minyororo myepesi ya kingamwili, ya kappa au (mara nyingi zaidi) ya lambda. Minyororo hiyo hujikunja vibaya na kujikusanya kama nyuzi (ndiyo amiloidi) kwenye moyo, figo, ini, neva au utumbo. Deksamethasoni huua sehemu ya seli hizo na kuzifanya ziuawe kwa urahisi na dawa nyingine. Hainyeyushi nyuzi zilizokwisha kujikita moyoni au kwenye figo. Ukilisahau hilo, hesabu yote ya muda inaharibika, na tutaona kwa nini.

Tuanze dirishani. Kidonge kinachopatikana kirahisi katika famasi za Dar es Salaam ni cha miligramu 0.5. Dozi ya kawaida katika mpango wa bortezomibu, siklofosfamidi na deksamethasoni ni miligramu 40 mara moja kwa wiki. Piga hesabu: hivyo ni vidonge 80 kwa mkupuo mmoja. Kwa wiki 24 ni vidonge 1,920. Mgonjwa akisomewa idadi hiyo hudhani kuna kosa, na mara nyingine mtoa dawa naye hudhani hivyo, basi anapunguza mwenyewe na kutoa vidonge 8. Kidonge cha miligramu 4 ndicho cha kutafuta, maana 40 inakuwa vidonge 10 na 20 inakuwa vitano. Famasi zilizo jirani na hospitali kubwa, upande wa Upanga na Muhimbili, ndipo pa kuulizia kwanza. Kama cha miligramu 4 hakipo, za 0.5 si dawa mbaya. Ni kuhesabu tu kwa subira, na kumeza kwa mafungu matano ya vidonge kumi na sita ndani ya saa moja, tumbo likiwa na chakula.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye bahasha ya dawa. Tumezoea kuandika 1×3, 2×2, na kila mtu anasoma kwamba namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Bahasha ya deksamethasoni ikiandikwa 10×1, mgonjwa anakwenda nyumbani kumeza miligramu 40 kila siku. Siku ya tatu halali, siku ya tano sukari iko juu, wiki ya pili yuko wodini kashikwa na maambukizi au moyo umeelemewa na maji. Bahasha iandikwe kwa maneno: “Vidonge 10 kila JUMATATU tu, asubuhi, baada ya kula.” Siku itajwe kwa jina. “Mara moja kwa wiki” peke yake haitoshi, kwa sababu jicho lililozoea husoma “mara moja kwa siku”. Utaratibu salama zaidi ni famasi kutoa dozi za mwezi katika vifuko vinne, kila kimoja na tarehe yake.

Usikubali kubadilishiwa kuwa prednisoloni kwa sababu “zote ni steroidi”. Miligramu 0.75 za deksamethasoni ni sawa na 5 za prednisoloni, kwa hiyo 40 zinakaribia 267 za prednisoloni, yaani vidonge zaidi ya hamsini vya miligramu 5. Isitoshe prednisoloni hushika chumvi na maji zaidi, jambo ambalo mgonjwa wa moyo au figo hana nafasi nalo.

Sindano ni chaguo zuri kwa anayetapika au anayeshindwa kumeza lundo la vidonge, kwa kuwa siku ya deksamethasoni huwa ndiyo siku ya bortezomibu na mtu yuko kliniki tayari. Dawa ya miligramu 4 kwa mililita ina maana ya mililita 10 kwa dozi kamili. Isisukumwe haraka kwenye mshipa. Ikisukumwa ghafla huleta muwasho mkali na kama moto sehemu za siri, unaopita baada ya dakika chache lakini unaomtisha mtu asiyeambiwa. Ichanganywe kwenye mililita 100 za maji ya dripu na iingie taratibu kwa robo saa hadi nusu saa. Kwa mwenye sukari, dripu isiwe ya glukosi.

Sasa muda wenyewe. Historia ya tiba hii inaeleza kwa nini watu wengi bado wanafikiri kwa miaka. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997, melfalani (vidonge vya kuua seli za plazma) na prednisoni ziliwapa wagonjwa muda wa kati wa kuishi wa miezi 18, dhidi ya miezi 8.5 kwa waliopewa kolkisini peke yake. Wakati huo vidonge viliendelea muda mrefu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kushika. Baadaye ikaja melfalani na deksamethasoni: miligramu 40 kwa siku 4 mfululizo, kila siku 28. Ufaransa mwaka 2007 mpango huo ulishindanishwa na melfalani ya dozi kubwa pamoja na kurudishiwa seli mama, na vidonge vikashinda, miezi 56.9 dhidi ya 22.2.

Tazama jumla: siku 4 za miligramu 40 ni 160 kwa mwezi, na wiki 4 za miligramu 40 ni 160 vilevile. Jumla ni moja ila umbo si moja. Deksamethasoni hukaa ikifanya kazi mwilini kwa saa 36 hadi 54, kwa hiyo dozi nne mfululizo hupandana, na moyo mgumu wa amiloidi hupokea mzigo wa maji ambao dozi ya wiki kwa wiki isingeuleta. Anayetumia melfalani bado, na wapo kwa sababu ni vidonge na bei yake inabebeka, ana haki ya kumuuliza daktari kama dozi hiyo inaweza kupunguzwa au kutawanywa.

Mpango unaopewa kipaumbele leo ulitokana na jaribio la ANDROMEDA, lililochapishwa 2021 likiwa na wagonjwa 388. Kundi moja lilipata bortezomibu, siklofosfamidi na deksamethasoni. La pili liliongezewa daratumumabu, kingamwili ya dawa inayolenga seli za plazma, chini ya ngozi. Ufanisi kamili wa damu (protini ya ugonjwa kutoonekana tena) ulikuwa asilimia 53.3 kwa walioongezewa na asilimia 18.1 kwa wasioongezewa. Kinachotuhusu ni jinsi dawa zilivyoachwa: deksamethasoni ya kila wiki iliishia mzunguko wa 6, pamoja na bortezomibu na siklofosfamidi. Daratumumabu iliendelea peke yake kila wiki 4, hadi mizunguko 24 kwa jumla. Steroidi haikuwekwa kama dawa ya kulinda mafanikio. Baada ya hapo iliyobaki ni ile ndogo ya kuzuia mwili kuikataa sindano, na kwa asiyepata shida na sindano hata hiyo hupunguzwa.

Daratumumabu kwa familia nyingi za hapa ni bei ya kusikia tu. Wanaobaki na dawa tatu bila hiyo hushawishika kufidia kwa kurefusha steroidi. Hesabu haiendi hivyo. Deksamethasoni peke yake ya mwezi wa nane haifanyi kazi ya dawa iliyokosekana mwezi wa kwanza, na madhara yake yanaongezeka kila mwezi wakati faida inapungua. Kama kuna pesa ya ziada, itumike kupima minyororo kila mwezi. Kipimo ndicho kinachosema lini kuacha.

Kinachopimwa ni minyororo myepesi huru kwenye damu: tofauti kati ya mnyororo unaotengenezwa na ugonjwa (kappa au lambda) na mwenzake. Tofauti ikishuka chini ya miligramu 40 kwa lita, hapo ni pazuri sana. Lengo la juu zaidi ni protini ya ugonjwa kutoonekana kabisa kwenye damu wala mkojo na uwiano wa kappa na lambda kurudi sawa. Pima kabla ya dozi ya kwanza, kisha mwishoni mwa kila mzunguko. Tumia maabara ileile na mashine ya aina ileile, kwani vipimo vya kampuni tofauti havilingani na unaweza kudhani ugonjwa umepanda kumbe umebadilisha mashine. Kama sampuli inasafirishwa nje, ipeleke mapema ili majibu yawe mezani siku ya kliniki.

Minyororo ikishuka vizuri ndani ya mzunguko wa 2 au wa 3, endelea na mpango mpaka wa 6, huku deksamethasoni ikipunguzwa njiani kama inasumbua. Ikishuka nusunusu, daktari afikirie kubadilisha dawa kuu ndani ya mwezi wa 3, maana moyo hausubiri.

Moyo ndio mahali pa kuwa mkali. Aliyekwisha pimwa NT-proBNP (kipimo cha damu kinachoonyesha mzigo wa moyo) ikazidi nanogramu 8,500 kwa lita, hatua ya 3b kwa hesabu ya Ulaya, yuko hatarini kupata mapigo kwenda kombo na maji kujaa mapafuni wiki za mwanzo za tiba, na deksamethasoni huchangia. Huyu huanzishwa kwa miligramu 10, mara nyingine 20, kisha hupandishwa tu kama amevumilia, na wengi hawapandishwi. Katika ANDROMEDA hatua hiyo ya 3b haikuingizwa kabisa, kwa hiyo asilimia tulizotaja si zake. Miligramu 20 ndiyo dozi pia kwa aliyezidi miaka 70, mwembamba kupita kiasi (BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, chini ya 18.5), mwenye kisukari kisichotulia au aliyejaa maji. Dozi inaweza pia kugawanywa, 20 siku ya sindano na 20 kesho yake.

Tena, dawa za maji kama furosemidi hutoa potasiamu, na deksamethasoni huitoa pia. Zikikutana, potasiamu hushuka na moyo wa amiloidi hukosa mwendo. Damu ipimwe potasiamu kila kliniki.

Hapa tunafika kwenye kosa linalorefusha steroidi kuliko yote. Mgonjwa amemaliza miezi 6, minyororo imeshuka, lakini miguu bado imevimba na mkojo bado unatoa povu. Ndugu wanasema dawa imekatishwa mapema. Ukweli ni kwamba viungo hufuata nyuma ya damu: figo na moyo huanza kupata nafuu miezi 6 hadi 12 baadaye, na kwa wengine zaidi, kwa sababu mwili wenyewe ndio unaoondoa nyuzi polepole. Uvimbe uliobaki si ushahidi kwamba seli bado zinatengeneza sumu. Mara kadhaa uvimbe huo umesababishwa na kidonge chenyewe. Namna ya kutofautisha ni mizani. Uzito ukipanda siku ya dozi na kesho yake, kisha ukashuka kufikia siku ya tano, hiyo ni deksamethasoni. Ukipanda bila kuangalia siku, ni moyo au figo.

Kupima uzito kuna adabu yake: kila asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, nguo nyepesi, mizani ileile. Mizani ya kijana wa stendi, ukiwa na viatu na mkoba, haihesabiki. Kilo 2 ndani ya siku 3 ni simu kwa kliniki siku hiyohiyo. Chumvi ipunguzwe siku zote, na siku ya dozi zaidi: ng'onda, dagaa wa chumvi, chipsi za barabarani na supu ya kuongezwa chumvi mezani viache.

Sukari ina hila yake. Steroidi ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na kesho yake asubuhi inaweza kusoma vizuri. Anayepima alfajiri peke yake anadanganyika. Siku ya dozi na inayofuata, pima saa 8 mchana na saa 12 jioni. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu na maandazi mawili ni ya kuahirisha siku hizo. Ikikaa juu ya 14 (mmol/L), dozi au dawa za sukari zirekebishwe, na usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Usingizi utakimbia usiku wa kwanza na pengine wa pili. Ndiyo sababu ya kumeza mapema, saa 1 au saa 2 asubuhi. Anayefunga Ramadhani, kama daktari wake amemruhusu kufunga, ameze wakati wa daku pamoja na chakula. Futari ni kuchelewa sana. Siku ya tatu mwili huanguka: uchovu, huzuni, hasira za bure. Nyumbani wajue kwamba hiyo ni dawa, na hupita. Kwikwi zisizoisha nazo ni zake. Mapaja yakilegea, kipimo rahisi ni choo cha kuchuchumaa: ukishindwa kuinuka bila kushika ukuta, misuli imeanza kuliwa na dozi ishuke.

Maambukizi tunayapitia kwa haraka ila si kwa sababu ni madogo. Kabla ya dozi ya kwanza pima VVU, homa ya ini B na kifua kikuu. Minyoo aina ya strongiloidi, ambayo ukanda wetu inayo, inaweza kukaa kimya miaka mingi kisha steroidi ikaiachia mwili mzima. Ivermektini ya mikrogramu 200 kwa kilo, ikitolewa kabla ya kuanza, ni bima ya bei nafuu. Bortezomibu huamsha mkanda wa jeshi, kwa hiyo asiklovia miligramu 400 mara mbili kwa siku huambatana nayo. Chanjo hai, ikiwamo ya homa ya manjano, zisitolewe wakati huu. Na deksamethasoni huficha homa: joto la 37.6 siku ya pili baada ya dozi lihesabiwe kama homa kamili, upime malaria na damu siku hiyohiyo. Kumeza mseto kwa kubahatisha ni kupoteza saa ambazo huna.

Tumbo lilindwe kwa omeprazoli, na diklofenaki isiguswe kabisa, maana amiloidi ya utumbo huvuja damu kirahisi na figo haziwezi kubeba amiloidi na diklofenaki kwa pamoja. Anayeanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, amwambie daktari wa damu kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuwa hushusha kiwango cha deksamethasoni mwilini, na cha bortezomibu pia.

Kuacha. Dozi ya mara moja kwa wiki kwa kawaida huachwa bila ngazi, kwa sababu tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, hupata siku za kupumua katikati. Aliyetumia prednisoloni kila siku zaidi ya wiki 3 hawezi kuacha ghafla. Hata hivyo baadhi ya wa kila wiki hupata uchovu mkubwa, kichefuchefu na presha kushuka wakisimama, na hapo kuna mtego: amiloidi ya neva nayo hushusha presha mtu akisimama. Kipimo cha kortisoli (steroidi ya tezi hizo) cha asubuhi hutenganisha. Wengi wetu tunapendelea kushuka kwa mizunguko miwili ya mwisho, 40 kwenda 20 kwenda 10, si kwa hofu ya tezi tu bali mgonjwa asione kuacha kama kuanguka ngazi.

Wapo wanaouliza kama inaweza kuachwa mapema zaidi. Kwa myeloma (saratani ya seli za plazma) ya wazee, Ufaransa imejaribu daratumumabu na lenalidomidi huku deksamethasoni ikiishia mizunguko 2 ya kwanza, na wazee wakaenda vizuri. Myeloma si amiloidosi, lakini mwelekeo tunaupenda. Kwa mwenye daratumumabu, aliyefika pazuri mzunguko wa 3 na ambaye miguu inavimba kila Jumanne, hatuoni sababu ya kumlazimisha hadi wa 6 kwa dozi kamili. Kwa asiye na daratumumabu tunakuwa wazito zaidi: dozi ipungue, isifutwe, mpaka bortezomibu nayo iishe.

Vidonge vikibaki, virudishwe famasi ya hospitali. Visikae kabatini na visigawiwe. Deksamethasoni ina wateja wengine mtaani, wanaoitafuta ili wanenepe mashavu, na jirani akiona kopo lenye vidonge mia mbili ataomba.